Datsun ya Badr

Amur bin Salim hakuwa mropokaji. Ukiuliza wizarani, alikofanya kazi ya uhandisi wa maji mpaka akastaafu, watakwambia huyo ni mtu wa kupima neno kabla hajalitoa. Kwa hiyo lile lililomtoka barazani kwake Bawshar, kitongoji cha Maskati, mbele ya wageni, halikumtoka kwa hasira wala kwa kujisahau. Lilimtoka kwa adabu. Na mpaka leo hajui amlaumu nani. Mtu akiponzwa na ukosefu wa adabu ana la kujifunza. Akiponzwa na adabu yenyewe, ajifunze nini?

Lakini kwanza gari, maana bila gari hapana kisa.

Lilikuwa Datsun, ile ya michezo ya miaka ya sabini, boneti refu, mgongo wa kuteremka, milango miwili tu, na nyuma viti viwili vidogo ambavyo aliyevibuni bila shaka alikuwa na watoto wembamba. Rangi yake ya zafarani. Alilinunua Badr, kaka yake mkubwa Amur, zama zile pesa ya mafuta imeanza kuonekana Maskati na vijana waliotoka Zanzibar, wanaojua Kiingereza na kupiga taipu, wakigombaniwa na maofisi. Badr alikuwa wa mwanzo katika ukoo wao kumiliki gari, akaona haifai mtu wa mwanzo awe na gari la kawaida. Alilipitisha Ruwi polepole, madirisha yote chini, kiwiko nje, hata kama hana anakokwenda.

Amur alikuwa bado mtoto. Kiarabu chake kilikuwa kibovu, cha kuunga unga, na shuleni akifungua mdomo darasa zima linaangua kicheko. Wakimwita Zinjibari, na jina lake wengine hawakulijua kabisa. Nyumbani walikuwa wakisema Kiswahili, sokoni Kiarabu, na yeye katikati hapo hakuwa na pa kusimama isipokuwa ndani ya Datsun ya kaka yake. Humo hakuna aliyemcheka. Watoto wale wale wa darasani walikuwa wakikimbia nyuma ya gari wakiomba lifti, na Amur akiwatazama kupitia kioo cha nyuma, kimya, roho yake kwatu.

Siku aliyoipenda kuliko zote ni ile waliyompeleka dada yao kwa mumewe. Bakhita aliolewa na mzee mmoja wa Qurayyat, mfanyabiashara wa samaki, na Badr akaapa dada yake hatopandishwa gari ya kuazima. Barabara ya lami ilikuwa haijafika kule. Njia yote ilikuwa mawe na mabonde, na gari la michezo tumbo lake linakaribia kugusa ardhi hata mahali tambarare. Badr alikuwa kwenye usukani akiimba. Bakhita kakaa mbele, kajifunika gubigubi. Amur yuko nyuma, magoti kidevuni, kakumbatia bakuli la halua. Kila wakigonga jiwe Badr alipiga ukelele, "Pole, mama!" na pole hiyo alikuwa akiliambia gari, si bibi harusi.

Kisa hicho Amur alikuwa akikisimulia kwa kila mgeni, na kila mara akikimaliza vile vile. "Na Bakhita alicheka njia nzima! Sauti haitoki, si mnajua haya ya bibi harusi, lakini mimi niko nyuma yake, nayaona mabega yanavyotikisika." Wageni wakicheka na yeye akicheka. Bakhita akiwapo, alikuwa akiutengeneza mtandio wake na kuuliza kama kuna aliyetaka chai tena.

Miaka ikapita. Badr akafa, moyo. Watoto wake wawili, wote wako Uingereza, wakamwambia ami yao alichukue gari lile akitaka, kwao wao ni bati la kutupa. Lilikuwa limekaa uani Ruwi muda mrefu mpaka paka walizalia ndani. Amur akalikokota mpaka Bawshar juu ya lori la winchi, akalijengea kibanda cha bati, na aliposhika barua yake ya kustaafu hakwenda hata kunywa chai ya kuagwa. Alikwenda kununua msasa.

Wastaafu wenzake walinunua mashamba Barka, na wengine wakaongeza mke. Rawya, mkewe Amur, alikuwa akisema bora angeletewa mke mwenza, angalau huyo angesaidia kupika. Maana tangu alasiri mpaka jua kuzama mume yuko chini ya gari, na akitoka huko ananuka dizeli, na habari zake zote ni za kabureta. Injini ilikuwa imeshikana. Akaijaza dizeli na oili kila silinda, akaiacha iloweke, akawa anaenda kuijaribu kwa spana kila siku baada ya sala mithili ya mtu anayemjulia hali mgonjwa. Siku ilipozunguka nusu inchi aliingia ndani mbio kumwambia Rawya, na Rawya akamwambia avue viatu.

Kutu ilikuwa imekula sakafu. Aliikata, akaichomelea mabati mapya kwa mkono wake, akajiunguza, akarudia. Raba za milango aliagiza Japani. Rangi ya zafarani aliitafuta kwa kulitazama bati la nyuma ya dashibodi, mahali ambapo jua halikuwahi kufika, kisha akaenda na kipande kwa mchanganyaji rangi wa Wadi Kabir na kumrudisha kazini mpaka yule bwana akawa akimwona kwa mbali anajificha. Hakukubali rangi ya kukaribiana. Alitaka ile ile.

Kitu kimoja tu alikiacha na kasoro zake. Mbele ya kiti cha abiria, palipokuwa na sakafu nzima isiyooza, alikuta mabonyeo. Yalikuwa yale mawe ya njia ya Qurayyat, kila jiwe na alama yake. Fundi mwingine angeyanyoosha kwa nyundo. Amur aliyapitisha kidole moja moja, akayapaka dawa ya kuzuia kutu, akayaacha.

Mambo hayo yakiendelea, mume wa Bakhita alikufa Qurayyat. Hawakuzaa. Watoto wa mke mwenza walimpa heshima zake na mlango, na Amur akaenda kumchukua dada yake akamleta Bawshar. Alimpa chumba cha chini, dirisha linatazama uani, hatua chache kutoka kwenye kibanda. Macho ya Bakhita yalikuwa yanakwisha; presha ya macho ilimbakishia mwanga na vivuli. Pazia lake lilikuwa limeshushwa mchana kutwa. Amur alidhani mwanga unamuumiza, akamnunulia pazia zito zaidi.

"Amuri," Bakhita alikuwa akiuliza kupitia pazia hilo, asikiapo spana imeanguka, "imekwisha gari ya Badr?"

"Bado kidogo, dada."

"Itakwisha lini?"

"Karibu. Na ikisha, mtu wa mwanzo kukaa mbele ni wewe. Nitakupeleka mpaka Qurayyat, njia ile ile. Siku hizi lami tupu."

Bakhita alikuwa akinyamaza hapo, na Amur akiirudia kazi kwa nguvu mpya. Hakuna aliyemsukuma katika kazi ile kuliko swali hilo. Wanawe Badr hawakulitaka gari, Rawya alilichukia, na Aseel, binti yake wa pekee, alilipenda kwa sababu tu baba yake alilipenda. Lakini Bakhita aliuliza kila siku. Ndiye pekee aliyesalia aliyekuwamo ndani siku ile, na Amur alitaka siku ile irudi, hata kwa saa moja, na yeye safari hii ashike usukani.

Injini ikawaka. Amur akamwendea dada yake, machozi yanamlenga. "Twende basi tuzunguke japo mpaka Bustan."

"Imekwisha yote?"

"Imebaki saa ya dashibodi tu. Haitembei."

"Mpaka iishe," akasema Bakhita.

Amur akafurahi. Akaona dada yake naye anataka gari litimie, lisipungue kitu. Akairudia saa ile kwa kibanio na lenzi, akaharibu moja, akapata nyingine Sharja, akaifungua hiyo nayo, mpaka alasiri moja mshale ukaanza kutembea. Safari ya Qurayyat akaipanga Ijumaa.

Kabla ya Ijumaa wakaja wageni.

Walikuja kumposa Aseel. Mposaji ni Aws, kijana aliyekuwa akifanya kazi naye benki, na mambo yao vijana walikuwa wameshayaelewana. Iliyobaki ni wazee kuyapa baraka. Baba yake Aws ni Hamdan, askari mstaafu, mtu wa Nizwa aliyehamia Sib, mpole, mnene, anayependa kucheka. Alikuja na ndugu zake na ami yake mmoja mzee sana mwenye ulimi mkali.

Sasa hapa lazima msomaji ajue jambo moja kuhusu Amur. Adabu za Kiarabu hakuzaliwa nazo. Alizisoma ukubwani, akiwatazama wenziwe wizarani, namna mtu anavyosomea mtihani. Alijua birika la kahawa linashikwa kwa mkono wa kushoto na kikombe kinatolewa kwa wa kulia. Alijua aanze na nani, anyamaze lini, aulize habari mara ngapi. Waliozaliwa na adabu hizo huziburura kama kandambili za nyumbani. Amur alizivaa kama viatu vya Idi. Na mojawapo ni hii: mgeni akikisifu kitu chako, unamwambia, "Halali yako." Naye anakujibu, "Kibaki kwa mwenyewe, Mungu akubarikie." Basi, imekwisha. Hakuna aliyewahi kutoka na zulia la mtu. Ni maneno ya kupasha moto mazungumzo, na kila mtu anajua.

Kahawa ilizunguka, halua ikaliwa, Aseel akaposwa na posa ikakubaliwa. Baraza likachangamka. Yule ami mzee akamtazama Amur akimimina kahawa, akasema kwa Kiarabu, huku akicheka, "Mashaallah. Hawa Wazinjibari siku hizi ni Waarabu kutushinda sisi."

Watu wakacheka, na cheko lenyewe halikuwa na ubaya. Amur naye akacheka. Lakini aligeuka upesi kumimina kikombe cha mwingine.

Hamdan, pengine kwa kutaka kuyafunika maneno ya ami yake, akageukia dirishani. "Tabaraka Rahman! Ile pale ni ile Datsun ya zamani? Nilipokuwa kijana jeshini afisa wetu mmoja alikuwa nayo. Sijaiona nyingine tangu hapo!"

"Halali yako," akasema Amur.

"Libaki kwa mwenyewe, Mungu akubarikie," akajibu Hamdan.

Na hapo pangetosha. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Lakini mzee yule akapiga paja lake, akasema, "Ukarimu wa Zinjibar! Maneno matamu, mkono mtupu!"

Baraza zima likaangua kicheko, na Amur akakisikia kicheko kile kisogoni kwake, kile kile cha darasani. Mtu wa miaka sitini, ndevu nyeupe, jambia la babu yake limetundikwa ukutani.

"Wallahi," akasema. "Wallahi l-adhim, gari hilo halitolala hapa leo. Halali yako."

Hili ndilo ambalo Amur hakulisoma, kwa sababu aliyezaliwa nalo hafundishwi: neno lile linaachwa tupu. Ukiliongezea kiapo linageuka. Mwenye kuapa hawezi kurudi nyuma, na mgeni akikataa amemfanya mwenyeji wake mvunja kiapo nyumbani kwake mwenyewe, siku ya kuposewa mwanawe. Watu wa Nizwa wote pale walilijua hilo. Mzee mkali akaacha kucheka, akayatazama makaa ya buhuri.

Hamdan alikitazama kikombe chake. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga kitu cha watu kikavunjika. "Umeapa, Abu Aseel," akasema polepole.

"Nimeapa."

"Basi sikuvunjii kiapo chako. Mungu akulipe kheri."

Magharibi ilipoadhiniwa, Fahd, mdogo wake Aws, alilitoa gari uani. Amur mwenyewe ndiye aliyempa ufunguo. Mwenyewe ndiye aliyeinama dirishani kumwonesha namna ya kuvuta choki, asubiri kidogo, asilikanyage likiwa baridi. Kijana akasema ndiyo, ndiyo, na akalikanyaga likiwa baridi. Saa ya dashibodi ilikuwa inatembea.

Rawya, ambaye alikuwa amesikia yote nyuma ya mlango, alisubiri wageni watoke. Miaka yote alililaani gari lile, na siku hiyo alilia. "Baba Aseel, kiapo kina kafara yake. Tulishe maskini, tufunge, kwa Mungu yamekwisha. Kesho nenda kwa Hamdan, mtu mwema yule, atakuelewa."

"Kwa Mungu yamekwisha," akasema Amur. "Na kwa Hamdan? Aseel aingie nyumba ya watu, waseme baba yake alitoa akarudisha?"

Aseel akasema atazungumza na Aws, alirudishe kimyakimya. Baba yake akamkataza. Bibi harusi haanzi maisha kwa kuomba.

Kwa Bakhita hakuwa na ujasiri. Alipouliza, "Amuri, imekwisha gari?" akamwambia ipo Wadi Kabir, inapigwa rangi ya mwisho. Ijumaa ikapita, na nyingine. Kila siku swali, na kila siku uongo mwingine: rangi haijakauka, fundi yuko likizo. Amur, mtu aliyetoa gari kwa kuogopa kuonekana hana neno, sasa alikuwa akimdanganya kipofu asubuhi na jioni. Alijiona mchafu. Kula kwake kukapungua.

Mwisho akaona heri adhalilike mara moja. Asingeomba arudishiwe gari. Angeliazima tu, siku moja, ampeleke Bakhita Qurayyat, alirudishe limeoshwa na tanki limejaa. Hilo si kurudisha neno. Akavaa kanzu safi, akaenda Sib.

Gari alilikuta nje ya ukuta, juani. Rangi ya zafarani haikuwapo. Fahd alikuwa amelivika nailoni nyeusi isiyong'aa, akaling'oa viti vya nyuma akaweka spika, na mahali pa saa ya dashibodi pakakaa skrini. Amur alisimama karibu nalo asiliguse. Aliinama kidogo, kama anayefunga kiatu, akatupia jicho sakafu ya upande wa abiria kupitia kioo. Mabonyeo yalikuwapo, yamefunikwa nusu kwa makopo ya soda.

Barazani kulikuwa na watu, ndugu na majirani, na mzee yule mkali pia. Hamdan akampokea kwa furaha ya kweli, akamkalisha kichwani mwa baraza, akamimina kahawa kwa mkono wake. Amur akaipokea, akaiweka chini, hakuinywa. Hiyo ni lugha ambayo kila mtu mle aliifahamu. Ni mtu mwenye haja.

"Kunywa kahawa yako, Abu Aseel," akasema Hamdan. "Haja yako umeipata."

"Haja ndogo. Ile Datsun. Nilitaka kuiazima siku moja, nimtembeze dada yangu."

"Kuiazima!" Hamdan akashika kifua. "Aibu gani hii? Wewe uazime? Chukua, halali yako!"

Hakuapa. Watu wote wakamtazama Amur, na yule mzee akalisogeza sikio lake. Pengine Hamdan alisema kwa moyo. Pengine alikuwa akiutafuta mlango wa kulirudisha tangu siku ile ya kwanza, na ndiyo huu ameufungua. Pengine lilikuwa lile lile neno tupu la kupasha moto mazungumzo. Amur alitafuta usoni mwa Hamdan, na hakuna mwaka wowote katika miaka yake yote ya kuwatazama watu hawa uliomfundisha kulijua hilo. Alichokijua ni jibu. Jibu alilijua vizuri sana.

"Libaki kwa mwenyewe," akasema. "Mungu akubarikie."

Kisha akakichukua kikombe akanywa kahawa, ilikuwa imeshapoa, akakitikisa kuonesha imetosha. Wakazungumza habari za mvua. Hamdan alimsindikiza mpaka nje na akawa kama anataka kusema kitu, kisha akamwombea safari njema.

Alifika Bawshar jua halijatua. Bakhita alikuwa chumbani kwake, kakaa kitandani, sauti ya redio iko chini, pazia limeshushwa.

"Amuri? Ulikwenda kuifata gari?"

Amur akakaa juu ya sanduku la nguo, akamwambia yote. Hakujipamba. Alisema habari ya kicheko, ya kiapo, ya uongo wa Wadi Kabir, ya kahawa ya Sib.

"Kwa hivyo imekwenda," akasema Bakhita.

"Imekwenda, dada."

"Haitorudi."

"Haitorudi. Nisamehe. Nilikuahidi Qurayyat."

"Alhamdulillahi," akasema Bakhita.

Amur alidhani ni ile alhamdulillahi ya watu wazima, wanayoshukuru hata msibani. Lakini dada yake alikuwa ameuweka mkono juu ya kifua na anavuta pumzi kwa nguvu.

"Uliapa barazani, mbele za watu?"

"Niliapa."

"Wanaume wa nyumba yetu!" Bakhita akacheka, kicheko kifupi kikavu. "Badr naye aliapa."

"Aliapa nini?"

"Wewe mdogo wakati ule, hukuambiwa. Kenda Qurayyat kuionesha gari yake mpya. Mzee yule wa samaki kamchinjia mbuzi, kamkalisha na wakubwa. Kahawa ilipokuja, mzee kaweka kikombe chini. Kasema sinywi mpaka unipe haja yangu. Badr hajui haja ni nini, kijana wa Zinjibar, watu wanamtazama. Kasema wallahi umeipata. Haja yenyewe ilikuwa mimi."

Amur akainuka juu ya sanduku, akakaa tena.

"Nikamwambia, kaka, rudisha neno lako, mtu huyu sawa na baba yangu, ana mke na watoto. Nikamshika miguu. Kaniambia nikirudisha watasema Wazinjibari hawana neno. Kanitia ndani ya gari hiyo."

"Lakini ulikuwa ukicheka," akasema Amur. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Njiani. Mabega yako…"

Bakhita akageuza uso wake kumwelekea, macho yale yasiyoona. "Amuri. Ulinisikia nikicheka?"

Hakumsikia. Mwenyewe alikuwa akiwaambia wageni miaka yote kwamba sauti haitoki.

"Maisha yangu yote kule nikisema Kiswahili na mbuzi tu," akasema Bakhita, "maana jikoni mke mwenza alikikataza. Ukija kunitembelea nnakupikia samaki, unakula, unaniuliza habari, nnakwambia nzuri. Kisha ukanileta hapa, nikashukuru. Na dirishani kwangu ukaiweka gari ile. Kila siku unaigonga, unaipaka, unaifufua. Nnakuuliza itakwisha lini, nijue itaondoka lini. Ukanambia ikisha utanipeleka nayo Qurayyat! Njia ile ile! Nikamwomba Mungu saa yako isitembee mpaka nife."

"Ungeniambia, dada."

"Nnakaa kwako, nnakula kwako, na wewe ukiipenda vile. Ningekwambiaje? Na kwani uliniuliza?"

Amur aliinamisha kichwa. Alikumbuka mabonyeo yale alivyoyapitisha kidole moja moja, akayatia dawa yasiliwe na kutu. Yalikuwa chini ya miguu yake Bakhita.

"Fungua pazia," akasema Bakhita.

Akasimama akalifungua. Uani kibanda kilikuwa kitupu, na chini, palipokuwa injini, kulikuwa na doa la oili. Mwanga wa jioni ukaingia mpaka kitandani. Bakhita akauinulia uso.

Baada ya kitambo Amur akautia mkono tena kwenye pazia, kwa mazoea, asimuumize macho.

"Liache," akasema dada yake. "Mwanga haujapata kuniumiza."

Akaliacha, akaenda jikoni kumwambia Rawya watu wa Sib wanasalimia.